Gari la Kwenda Kusikogongwa Mlango

Kiti cha kijiweni kilitoka kwenye gari. Lilikuwa gari gani, hapo watu waliwahi kununiana wiki nzima, kwa hiyo tuseme tu ni kiti cha nyuma, cha ngozi ya bandia, kimewekwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na springi moja imechomoza upande wa kushoto. Anayechelewa ndiye anayekalia springi. Kahawa hutoka kwenye chupa kubwa ya kinyozi, ile ambayo kizibo chake kimefungwa kwa raba, na kila mtu ana kikombe chake kwenye msumari wake. Sheria ni moja: mwanakijiwe hanunui kitu kikubwa mpaka kipitishwe, na kupitishwa maana yake wote wakubali, asigune hata mmoja. Kinyozi mwenyewe feni yake haijapita tangu joto la mwaka juzi. Wateja wananyolewa huku wanatiririka jasho, na wakimuuliza anawajibu kwamba suala bado liko kijiweni.

Asubuhi hiyo springi ilikuwa ya Turubai. Nyumbani ana jina lake, lakini kijiweni ni Turubai kwa sababu ndiyo riziki yake: anashona mahema na maturubai ya kufunikia malori, na kidole gumba chake cha kulia kimekuwa kigumu kama soli ya kiatu. Alichelewa kwa kuwa alikuja amebeba hema begani. Akalilaza juu ya springi, akalikalia, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze upande wa kushoto ukawa ndio mzuri kuliko yote. Kinyozi alimtazama kwa kijicho.

Hema lenyewe lilikuwa na habari yake. Mke wa Turubai ni mkunga, na siku hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake ya mwisho; saa nane mchana anavua koti jeupe, analirudisha, amestaafu. Tangu waoane, mama huyu hajalala usiku mzima. Akiwa zamu, yuko zamu. Asipokuwa zamu, mtaa mzima unajua anapokaa. Mlango unagongwa, dada wa mtu ameshikwa na uchungu, naye ananyanyuka, anajifunga kitambaa kichwani, anatoka. Turubai alishazoea kupeleka mkono upande wa pili wa kitanda na kukuta shuka limepoa. Basi siku moja wakiwa mezani akamuuliza, hivi ukistaafu unataka nini. Alidhani atasema friji. Mkewe akatafuna, akameza, akasema:

— Nataka kulala mahali ambapo hakuna mlango wa kugonga.

Halafu akaomba chumvi.

Turubai aliipokea kauli ile kama oda ya kazi. Kesho yake alikata turubai zito la kijani, akashona hema la watu wawili, mishono miwili miwili, na upande atakaolalia mkewe akaweka kidirisha cha wavu usawa wa kichwa ili aone nyota bila kunyanyuka. Hema lilikwisha mapema. Kilichobaki kilikuwa gari la kuwapeleka mbali na njia, huko barabara inakokata tamaa, na waondoke siku hiyo hiyo ya kustaafu, kabla mtaa haujapata habari kwamba sasa mama yuko nyumbani mchana na usiku. Hapo Turubai angenyamaza akajitafutia mwenyewe. Badala yake akalileta suala kijiweni. Alijua anakosea wakati mdomo bado uko wazi.

— Umechelewa, alisema Kinyozi akimmiminia. Tulishaanza.

— Mmeanza bila mimi? Gari si langu?

— Gari ni lako, alisema Spana. Suala ni la kijiwe.

Huyu Spana aliuza duka la spea maisha yake yote. Injini hajawahi kufungua hata moja, lakini hakuna kifaa asichokijua kwa boksi lake. Pembeni yake alikaa Ramani, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyefundisha milima yote ya dunia kutoka dirisha moja la darasa na hajapanda hata kichuguu.

— Nina mpaka saa sita, alisema Turubai. Yule mama wa Kibiriti ameniwekea mpaka saa sita. Nisipopiga simu, anampa mtu wa kufyatua matofali.

Kibiriti ndilo gari walilokuwa wakilijadili tangu mvua zianze. Kijiwe kilikuwa kimelibatiza hivyo kwa umbo: dogo, la pembe nne, milango miwili, limezeeka lakini linavuta kwa tairi zote nne. Mwenyewe ni mpima ardhi anayelikokota maporini miaka nenda miaka rudi. Turubai alikwishalala chini ya gari hilo na nyundo ndogo akigonga vyuma vya chini kutafuta kutu, na vyuma vililia vizuri. Gia ndogo ya kupandia milima iliingia bila kubembelezwa. Kasoro iliyoonekana ni moja: mlango wa abiria haufunguki kwa nje, mpaka aliye ndani aufungue. Na bei, kwa gari la aina hiyo, mfuko wa fundi cherehani uliiweza. Kwa kifupi lilikuwa ndilo gari.

— Tulipoishia, alisema Spana, niliuliza spea zake zinakuja kwenye boksi la rangi gani, sikujibiwa.

— Sijui, ndugu yangu. Sijanunua spea.

— Hapo sasa. Mtu anataka kulala porini na gari ambalo hata boksi lake halijui.

— Mama wa watu amelitumia huko huko porini na linatembea.

— Linatembea kwa sababu anajua boksi, alisema Spana.

Ramani aliweka kikombe chini. Alikuwa na tabia ya kusubiri watu wanyamaze kama bado yuko darasani, na kwa kuwa kijiweni watu hawanyamazi, mara nyingi alianza kwa kuchelewa.

— Mimi suala langu ni mto. Mto una kina gani?

— Mto gani?

— Wowote. Nchi haiwezi kukosa mto.

— Sijapanga kuvuka mto, mwalimu.

— Hakuna anayepanga kuvuka mto, alisema Ramani kwa upole. Mto ndio unaopanga. Sasa gari fupi kama lile likiingia majini, injini inapumua wapi?

Kinyozi alitoka mlangoni na mkasi mkononi. Ndani kulikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

— Inapumua kwa bomba, alisema. Unafunga bomba linapanda hadi juu ya paa.

— Na wewe uliye ndani, unapumua wapi? aliuliza Spana.

Kinyozi alifikiri.

— Mabomba matatu, alisema, akarudi kwa mteja wake.

Turubai alicheka kidogo, akatazama saa. Muda ulikuwepo. Kahawa ilikuwa nzuri. Alijiambia kwamba leo watapitisha tu, kwa sababu leo ndiyo leo.

— Tuache mto, alisema. Tuseme tunaondoka saa nane na nusu, barabara kavu, giza halijaingia tumeshafika na kusimamisha hema. Kibiriti kinatosha au hakitoshi?

— Kinatosha kwa kwenda, alisema Spana. Swali langu ni likizimika huko. Wewe ni mtu wa sindano. Shemeji yetu ni mtu wa watoto. Likizimika, nani anajua kilichoharibika? Lazima pawe na mtu anayejua spea. Sisemi nani.

— Husemi nani.

— Sisemi. Nasema tu mtu huyo anahitaji kiti, na Kibiriti nyuma hakina kiti, kina kibao.

Turubai aliitika kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hoja. Kusema kweli hoja ilikuwa na uzito fulani. Injini hakuijua.

— Spana amegusa penyewe, alisema Ramani. Kwa sababu kuna njia pia. Dereva anatazama mbele, hawezi kutazama ramani. Shemeji kapumzika, amestaafu, hatuwezi kumpa kazi. Basi anatakiwa mtu wa kusoma nchi: kaskazini kuko wapi, mlima unaelekea wapi. Sisemi nani.

— Simu siku hizi inasoma njia, mwalimu.

— Simu inasoma barabara. Wewe unakwenda kusiko na barabara.

Hapo Turubai alinyamaza, maana ni kweli alisema anakwenda kusiko na barabara. Tangu mvua zianze alikuwa ananyamaza hivyo hivyo, kila wiki kwa jambo jingine. Ramani akaupokea ukimya ule kama alama ya vyema.

— Kwa hiyo viti viwili nyuma, alisema. Kibiriti kimeondoka. Tunazungumzia Jumba.

Jumba lilikuwa gari la pili kwenye mjadala. Refu, la dizeli, milango mitano, liliegeshwa nyuma ya kiwanda cha kusaga unga na mwenyewe hana haraka nalo. Turubai alikuwa amelichungulia mara moja. Chini lilikuwa na kutu ya kutia huruma, kidole kinapenya, na lilikunywa mafuta kana kwamba linalipiwa. Alisema hivyo.

— Kutu inategemea, alisema Spana. Gari la zamani kutu ndiyo inalishikilia. Ukiikwangua linaanguka.

— Sasa hilo ndilo gari la kulala nalo?

— Ndiyo maana tunaliwekea mtu wa spea, alisema Spana, akanywa kahawa yake kwa utulivu wa mtu aliyekwishapata kiti.

Kinyozi alitoka tena. Mteja alikuwa bado yuko upande mmoja.

— Nimesikia mnapanga viti, alisema. Ulinzi je?

— Ulinzi wa nini?

— Usiku. Watu wamelala, hema ni kitambaa, hakuna mlango. Fisi anagonga? Hagongi. Lazima mtu akeshe karibu na moto. Mtu mwenye uzoefu wa kusimama muda mrefu kwa miguu, mkono wake una kitu chenye makali. Sisemi nani.

Turubai aliutazama ule mkasi.

— Viti vitatu, alisema Ramani.

— Jumba lina vitatu nyuma, alisema Spana.

— Lakini walinzi, wasoma ramani na watu wa spea wanalala wapi? aliuliza Ramani. Hema ni la wawili.

Wote wakageuka kulitazama hema alilokalia Turubai, na wakalitazama kwa masikitiko, kama kitu alichokishona bila kuuliza watu.

Sasa msomaji atashangaa, mzee mzima, fundi anayeheshimika, anakaa anaangalia wenzake wanajipakia mmoja mmoja kwenye safari ya mkewe, na hawazuii. Kuna jambo ambalo Turubai hakumwambia mtu. Alikuwa anaogopa. Katika ndoa yote ile hajawahi kukaa na mkewe usiku mzima, wao wawili tu, hakuna wa kuja. Mazungumzo yao yalikuwa ya mlangoni: umekula, funguo ziko wapi, nitachelewa, alikuwa wa kike au wa kiume. Hayo waliyaweza sana. Lakini uwaweke porini, giza limeingia, moto unawaka, kesho haina zamu, wataongea nini? Alipokuwa akishona kidirisha kile cha wavu alijiuliza swali hilo mpaka sindano ikamchoma. Spana akiwepo, angalau watu watazungumzia difu na gia. Ndiyo sababu kila kiti kilipoongezwa, kitu fulani ndani yake kilisikitika na kingine kikashusha pumzi.

— Kulala siyo tatizo, alisema Kinyozi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akilitunza jambo kwa ajili ya wakati wake. Mimi nalijua gari. Liko uani kwa zahanati moja iliyofungwa. Linavuta tairi zote nne, refu, lina taa ndani, lina kitanda tayari, lina mahali pa kutundika dripu.

— Dripu ya nini?

— Si lazima dripu. Unatundika taulo.

— Unasema ambulansi, alisema Turubai.

— Nasema gari. Ambulansi ni kazi iliyokuwa inafanya.

Spana alikunja uso, akakokotoa.

— King'ora kinalia?

— King'ora kinalia vizuri sana. Suala ni breki.

— Hapo hapana ubaya. King'ora kikilia, watu wanapisha, breki unaitaka ya nini?

Ramani aliitika. Turubai alijaribu kumwona mkewe, usiku wa kwanza wa kustaafu, amelala chali kwenye ambulansi, taulo linaning'inia. Kisha akawaona watu wa kijiji cha jirani wanakuja na tochi, wameona ambulansi imeegeshwa chini ya mti, na wanafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya.

— Watagonga, alisema.

— Nani?

— Watu. Watagonga mlango.

— Wakigonga atawasaidia, alisema Ramani. Si mkunga?

— Na vifaa vimo humo humo, alisema Kinyozi.

Turubai aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona hakuna anayetania. Walikuwa wanamtakia mema. Spana alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole maboksi atakayobeba: plagi, mikanda, chujio la mafuta, chujio la hewa, na mkono wa geti la nyuma, ambao alisema hakuna safari aliyowahi kusikia ambayo mkono wa geti la nyuma haukukatika.

— Uzito huo wote, alisema Ramani, gari litazama kwenye mchanga.

— Likizama linavutwa.

— Na nini?

— Na gari lingine.

— Basi tunahitaji magari mawili, alisema Ramani, akasimama kabisa, maana jambo lilikuwa limefika mahali pa ubao. Ambulansi mbele, Jumba nyuma. Ambulansi ikizama, Jumba linaivuta.

— Jumba likizama?

— Lori. Lori linakaa la mwisho, linavuta Jumba, Jumba linavuta ambulansi.

— Na lori likizama?

Ramani alimtazama Spana kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wa viti vya nyuma.

— La mwisho halizami, alisema. Linaona wenzake walipozama.

Hoja hiyo haikupata wa kuipinga. Kinyozi aliingia ndani, akasikika akimwambia mteja wake kwamba kuna safari na huenda kibanda kikafungwa siku chache, na mteja akasikika akiuliza kama itakuwa kabla au baada ya upande wa pili. Turubai alitazama saa. Ilikuwa imebaki kama robo. Akatoa simu, akaikalia. Akaitoa tena. Hakuna aliyemzuia kupiga. Ndiyo iliyokuwa shida. Akimpigia yule mama atamwambia nini, kwamba kijiwe kimefika kwenye lori?

Hakupiga. Kilichosikika ni honi.

Kibiriti kilikuja kimejaa vumbi mpaka kwenye vioo, kikapanda ukingo wa barabara bila kupunguza mwendo kama mtu anayepanda kizingiti cha nyumba yake, kikasimama mbele ya kiti. Akashuka yule mama mpima ardhi, mfupi, amevaa viatu vya mvua siku ya jua, funguo zikining'inia kidoleni. Aliwasalimia wote, akaitikiwa.

— Nimepita mwenyewe, fundi. Yule wa matofali ananisubiri pale kituo cha mafuta, na mimi roho inaniuma. Gari hili limenilea. Sipendi likafie kwenye matofali. Lakini na wewe hunipigii.

— Samahani sana mama. Tulikuwa tunalijadili.

— Tangu lini?

Turubai alijikohoza.

— Mnaweza kunijadili mbele yangu, alisema mama, akaliegemea gari. Kutu halina. Kona zote za nyuma ya mlima nimeenda nalo. Lina uwezo wa watu wawili na mizigo yao, wa tatu ni kumtesa. Nyie mko wangapi?

Ndilo swali lake hilo. Halikuwa na mtego wala kejeli. Ni swali ambalo angeliuliza mtu yeyote anayeuza gari, hata anayeuza kitanda.

Spana alianza kuinua kidole, akakigeuza kikawa cha kukuna sikio. Ramani alitazama kaskazini. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na mkasi wazi, na mkasi ukabaki wazi. Tangu mvua zianze walikuwa wamelipima gari hili kina, urefu, boksi, bomba na kiti kwa kiti, na mtu hakuwahi kuwahesabu wasafiri. Kwa sababu ukihesabu lazima useme nani, na hakuna aliyekuwa amesema nani. Wala hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenye kustaafu. Hilo lilimjia kila mmoja kwa wakati wake, na ungeweza kuliona linavyofika, kwanza kwa Ramani, mwisho kwa Kinyozi.

Turubai alihisi hema chini yake. Alilijua kwa makalio mahali kilipokunjwa kile kidirisha. Alikishona kimoja tu. Mikono yake ilikuwa na jibu muda wote huu, na yeye akaenda kuuliza midomo ya wenzake. Aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda mpaka masikioni: mwanamke ameomba kitu kimoja, kukosekana kwa watu, na yeye anamletea wanaume watatu na king'ora kwa sababu anaogopa kukaa naye.

— Wawili, alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Kisha, kwa mazoea, kila mtu akasubiri mguno.

Spana alifumba mdomo. Ramani aliendelea na kaskazini yake. Kooni kwa Kinyozi kitu kilipanda, kikafika, kila mtu akakiona, kikatoka kama kikohozi. Kikohozi hakihesabiki, hilo liliamuliwa zamani kwenye suala la kabati la Ramani, ambalo nalo halikupita.

— Hakuna aliyeguna, alisema Ramani hatimaye.

— Sijasikia, alisema Spana.

— Basi limepita.

Wakatazamana. Katika historia yote ya kijiwe hakuna kitu kilichowahi kupita, na hakuna aliyejua kinachofuata. Kinyozi akapendekeza kahawa ya pongezi, akaipindua chupa juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja, na jingine likafikiria, likabaki.

Mambo ya malipo yalimalizwa kibandani mbele ya mteja wa upande mmoja, aliyesaini kuwa shahidi. Hema likaingia nyuma ya Kibiriti, likakaa pale kwenye kibao kana kwamba lilipimwa humo. Turubai alipokwisha kushika usukani, Spana alikuja dirishani na boksi la bluu lililofifia, akamwekea mapajani.

— Mkanda wa feni. Boksi la bluu. Sasa umelijua.

— Ahsante, ndugu yangu.

— Ukikatika, hapo pembeni pameandikwa. Kuna picha.

Alikuwa na la kuongeza, ilionekana, ila alipiga paa mara mbili kwa kiganja na kurudi kwenye kiti. Hakukaa mahali pake. Alikaa upande wa kushoto, pale hema lilipokuwa, akakutana na springi, akabaki nayo.

— Na feni yangu je? aliuliza Kinyozi gari lilipoanza kuondoka. Leo si siku ya kupitisha?

— Kaa chini kwanza, Turubai alimsikia Ramani akisema. Feni ya dari au ya mezani?

Nje ya geti la hospitali aliegesha kivulini, akajiandaa. Alikuwa amekusanya mambo ya kumwambia mkewe, akayapanga njia nzima: suala la lori, mteja wa upande mmoja, boksi la bluu. Yangetosha mpaka kuingia kwa giza. Baada ya hapo hakujua. Joto lilikuwa kali, na kiti kilikuwa laini kuliko alivyozoea, akasinzia kidogo.

Alizinduliwa na mlango kugongwa. Mkewe alikuwa nje upande wa abiria, hana koti jeupe, mkoba begani, anahangaika na kitasa. Turubai akanyoosha mkono, akamfungulia kwa ndani.

— Ndilo hili? aliuliza mkewe akiingia.

— Ndilo.

Aligeuka kutazama nyuma, akaliona hema, akaona hapana kiti kingine.

— Wenzako wa kijiweni nao? Maana nilisikia habari ya safari, hata wagonjwa walikuwa nayo.

— Hawakutosha, alisema Turubai.

Mkewe alivua viatu, akapandisha miguu kwenye kiti, akauegemeza mkoba kwenye kioo na kichwa kwenye mkoba. Turubai akaingiza gia, akajisafisha koo, akaanza na habari ya lori, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndefu. Alifika mahali ambapo la mwisho halizami, akasubiri acheke. Akageuka kumtazama. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, mkono mmoja umelegea kwenye paja, na bado hawakuwa wamefika hata kwenye taa za kwanza za barabarani.

Basi akanyamaza. Barabara ya kutoka mjini ilikuwa na mashimo mengi, na kila alipoliona moja kwa mbali alipunguza mwendo, akalizunguka polepole.